Robo ya Watasema

Mbwa ndiye aliyepasuliwa, lakini aliyelia ni Nakijwa.

Alilia akiwa ameketi kwenye benchi la kliniki ya mifugo mjini Same, mgongo kauegemeza ukutani, mshipi umemkaza kiunoni, taulo kaliuma kwa meno. Upande wa pili wa pazia Watasema alikuwa amelazwa juu ya meza ya bati, miguu imefungwa kwa vitambaa, tumbo limenyolewa, akimtazama daktari kwa udadisi kama mbwa yeyote anavyomtazama mtu akichuna nyama. Kisu kilipopita kwenye ngozi yake, Watasema alitikisa sikio. Nakijwa alijikunja hadi paji la uso likagusa magoti.

"Vumilia kidogo, mama," Dokta Mrutu alisema kutoka nyuma ya pazia. "Uvimbe wenyewe ni kama yai la kwale. Huu ni upasuaji mdogo sana."

Nakijwa alitaka kumwambia kwamba udogo huo uko upande wa mwenye kisu, ila taulo lilikuwa mdomoni.

Hivyo ndivyo watu walivyokuwa wakitibiwa tangu Homa ya Mishipa ipite. Homa yenyewe haikuua wengi kama ilivyohofiwa, na watu wakashangilia mapema mno. Baadaye mtu mmoja akaenda kung'oa jino, akadungwa sindano ya ganzi, na kelele zake zikasikika mpaka sokoni. Akafuata mama wa kujifungua kwa kisu, akafuata aliyevunjika mguu. Dawa za maumivu, za ganzi na za usingizi, zote zilikuwa zikipita mwilini kama maji, kwa watu na kwa mifugo. Wataalamu wakahangaika kwenye maabara zao kutafuta dawa nyingine, na walipoishiwa wakaleta mshipi. Mgonjwa anavikwa ukosi shingoni, mzima anajifunga mshipi kiunoni, na gurudumu dogo pembeni mwa mshipi linaamua nani abebe kiasi gani. Maumivu hayapungui hata chembe. Yanahama tu. Waliobuni walipewa nishani, na waliobaki na kazi yenyewe walipewa jina, wakaitwa wabebaji.

Dokta Mrutu alipomaliza kushona, alitoka akifuta mikono. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno machache, na wenye wanyama walimchosha kuliko wanyama wao. Aliinama, akalizungusha gurudumu kiunoni mwa Nakijwa, na Watasema, kule mezani, akatoa mlio mwembamba wa mshangao.

"Nisikilize vizuri. Nyumbani utabeba robo tatu. Robo moja mwachie mwenyewe."

"Kwa nini, dokta? Mimi naweza kubeba yote. Nimebeba uzazi wa mkwe wangu, nimebeba..."

"Sijasema huwezi. Nimesema umwachie." Dokta alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Mtu unamwambia, lala, usiinuke, nyuzi zitakatika. Anakuelewa. Huyu nani atamwambia? Kidonda ndicho kitakachomwambia. Ukimnyang'anya maumivu yote atajiona mzima. Ataruka, atajitafuna, atazifumua nyuzi zangu zote na hata hatajua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Gurudumu lina kufuli, hii hapa. Lifunge, mpaka siku ya kutoa nyuzi. Asiliguse mtu."

*

Nyumba yao ilikuwa juu milimani, mahali ambapo gari huishia na miguu huanza. Nakijwa alimpandisha Watasema mgongoni, kambeba kwa kanga kama mtoto, na kila alipojikwaa walilia wote wawili, yeye zaidi. Alimlaza jikoni juu ya magunia, karibu na mafiga. Alimkatia ndoo ya plastiki kitako, akamvika kichwani asije akafikia kidonda kwa meno. Alichemsha maji ya chumvi, akayapoza, akamsafisha kwa kitambaa cheupe. Alimpikia uji wa dagaa. Mbwa alipotaka kwenda haja, alimshika tumbo kwa kanga, wakatoka nje polepole.

Robo ile ndiyo iliyomshinda. Robo tatu alizobeba alizijua, zilikuwa zimemkaa ubavuni kama kaa la moto, alizizoea na kuzitukana. Lakini Watasema alitetemeka. Alipogeuka alilia kwa sauti ya chini, kisha akainua macho kutoka ndani ya ndoo ile kumtafuta Nakijwa, akamtazama. Hakuwa akimlaumu, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alimtazama kama mtu anayekuonyesha mwiba akijua utautoa. Nakijwa alihisi kufuli ya gurudumu chini ya kidole chake, nyepesi, ikisubiri. Mtoto ukimtia uchungu kwa faida yake, siku moja atakua umwambie. Mbwa hakui akaelewa. Atakufa akijua tu kwamba aliumwa na wewe ulikuwa umekaa hapo.

"Nisamehe," alimwambia, akaondoa kidole.

Mlangoni alikuwa amesimama mumewe, Mbazi, kavaa kofia tayari. Enzi zake Mbazi alikuwa mpima ardhi, na hapakuwa na kilima katika wilaya nzima ambacho hakukipanda na vyuma vyake. Sasa miguu ilikuwa bado inazikumbuka njia zote, kichwa hakikumbuki hata moja. Kila asubuhi baada ya chai alitoka kwenda kazini, kazi iliyokwisha zamani. Mwanzoni walikuwa wakimwokota makorongoni. Mara moja walimtoa na mfupa wa bega umevunjika, akiwauliza wenye machela majina yao kwa adabu. Kisha mtoto wao Kajiru, kabla hajahamia kwenye mitambo ya umeme wa jua huko Dodoma, akawaletea mtoto wa mbwa. Majirani walicheka kwamba wazee wasiojiweza wamejiongezea mdomo. Nakijwa akampa mbwa jina la Watasema, akaliita kwa sauti ya juu makusudi kila jioni. Walisema, wakachoka.

Hakuna aliyemfundisha mbwa yule. Alimfuata tu Mbazi, na Mbazi alipofika mahali akasimama, akaanza kugeuza shingo huku na huku, Watasema aligeuka kuelekea nyumbani, na mzee akamfuata nyuma kana kwamba ndivyo walivyokubaliana. Makorongo yale hayakumpata tena. Ndiyo maana Nakijwa, alipoligusa lile yai la kwale tumboni mwa mbwa, alimteremsha Same siku ile ile.

"Huyu ana nini?" Mbazi aliuliza.

"Amepasuliwa, baba Kajiru."

"Nani kampasua?"

"Daktari. Atapona."

"Basi, twende zetu," Mbazi alimwambia mbwa, akaisawazisha kofia.

Watasema alijaribu. Aliinua kifua, akaweka mguu mmoja chini, robo yake ikamkamata, akajilaza tena taratibu akihema. Nakijwa aliona kwa macho yake kwamba dokta alisema kweli. Akainuka, yeye na kaa lake ubavuni, akaenda kufunga mlango kwa komeo, na Mbazi akaupiga mlango kwa ngumi mpaka akasahau sababu. Ikawa hivyo siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Nakijwa aliacha kula. Alikuwa akisinzia kwa kusimama, mkono mmoja kwenye komeo.

*

Huku Upareni kazi ikimzidi mtu mmoja inaitiwa msaragambo. Mbiu inalia, kila nyumba inatoa mtu, mfereji unazibuliwa, barabara inafukuliwa, na jioni kila mtu anarudi kwake bila kushukuriwa sana. Mishipi ilipoingia, watu hawakuona tofauti kubwa kati ya mawe na maumivu. Wakapokezana. Na kanuni ya kale ikahamia huko bila kujadiliwa na mtu: kwenye msaragambo hakuna anayelalamika. Anayesema jiwe ni zito huambiwa kwa upole arudi nyumbani akapumzike, na upole huo humfuata maisha yake yote. Kwa mshipi ikawa kali zaidi, maana ukimwambia mgonjwa umeumia, umemrudishia kwa mlango wa nyuma. Wapare wabebaji walisifika hadi Moshi. Wangeweza kubeba mguu uliosagika huku wakichambua mboga.

Mwenyekiti Mshana alifika na watu wake asubuhi, akasimama uani akikohoa badala ya kubisha.

"Mama Kajiru, tunasikia umetuficha mgonjwa."

"Ni mbwa tu, mwenyekiti. Nitawasumbuaje kwa mbwa."

"Mbwa gani? Huyo ndiye aliyetuokoa na kazi ya kuteremka makorongoni kila siku kumtafuta mzee. Sisi ndio anaotudai usingizi. Wewe nenda kalale."

Wa kwanza kwenye zamu alikuwa Mama Elinipa, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Nakijwa ndiye aliyembebea alipokatwa kidole tumbo, na tangu siku ile Mama Elinipa alikuwa akiivizia nafasi ya kurudisha fadhila. Alikuwa ameshajifungua kanga kiunoni, tayari kwa mshipi.

Nakijwa aliwaeleza. Robo tatu za mbebaji, robo moja ya mbwa. Aliwaambia maneno ya dokta, kidonda ndicho kinachomwambia alale. Walimsikiliza wakiitikia kwa vichwa, lakini aliona walivyotazamana. Watu wa msaragambo hawajui kuacha jiwe moja njiani.

"Hiyo robo anabeba mwenyewe?" Mama Elinipa aliuliza. "Na hali yake hii?"

"Ndivyo alivyosema."

"Haya, dokta ndiye anayejua," alisema Mama Elinipa, kwa ile sauti ya watu wanaomwachia Mungu.

Nakijwa akaufungua mshipi, na kufuli ikafunguka nao. Kidole chake kilikuwa juu ya kufuli, na Mama Elinipa alikuwa akikitazama kidole hicho. Kumfungia jirani gurudumu ni kama kumkaribisha mtu chakula kisha ukahesabu vipande vya nyama mbele yake. Mwanamke huyu alikuwa amekuja kumbebea mbwa. Hakuna mahali pengine duniani ambapo jirani angekuja kumbebea mbwa. Nakijwa aliona aibu, akakitoa kidole, na kufuli ikabaki wazi.

Maumivu yalipomtoka alihisi mwili hauna uzito. Mbazi alikuwa anakoroma kwenye kiti. Nakijwa alilala bila kuvua viatu.

*

Kilichomwamsha ni utulivu. Jua lilikuwa limevuka bati, likiingia jikoni kwa mlango ulioachwa wazi kabisa. Kiti cha Mbazi kilikuwa kitupu. Magunia yalikuwa matupu, na ndoo iliyokatwa kitako ilikuwa imelala ubavu chini ya meza.

Mama Elinipa alikuwa ameketi kwenye kigoda, wima kama mtu anayepigwa picha. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye mikunjo ya shingo. Mdomo wa chini ulikuwa na damu pale alipouuma. Alipomwona Nakijwa alitabasamu.

"Umeamka, mama Kajiru? Ungelala kidogo zaidi. Kazi inaenda vizuri."

Nakijwa alitazama gurudumu. Lilikuwa limezungushwa mpaka mwisho.

"Mbwa yuko wapi?"

"Ametoka na mzee. Amepona, nakwambia! Nilishindwa, dada yangu. Alikuwa ananitazama. Nikasema, mimi nimekuja kufanya nini hapa kama mnyama anaumwa mbele yangu? Nikachukua na hiyo robo. Hapo hapo akasimama, akajikung'uta ndoo ikamtoka, akanywa maji, mkia unacheza. Mzee alipoinuka na kofia yake, mbwa akaenda mlangoni kumngoja. Nikaona bora mzee atembee na mwenzake kuliko kupiga mlango. Nikawafungulia."

"Na wewe unaumwa hivi tangu lini?"

"Walipokwenda kidogo tu. Ilikuja kama kitu kinachanika. Kama nguo." Mama Elinipa alivuta pumzi kwa mafungu. "Kisha ikakaa. Kumbe hiki ndicho ulichokuwa unabeba siku zote peke yako, na hukusema. Nikakuheshimu."

"Mbona hukuniita?"

Mama Elinipa alimtazama bila kuelewa.

"Nikuite? Kwenye msaragambo?"

Nakijwa alishika ukingo wa meza. Kidonda kile kilikuwa kimepiga kelele, kwa nguvu zake zote, kama dokta alivyosema kitafanya. Kilikuwa kimemwambia mtu, na mtu huyo alikuwa ameketi wima jikoni, akimeza kila neno kwa heshima.

Walikutana nao uani. Mbazi ndiye aliyekuwa nyuma, kofia imekaa sawa, suruali imelowa mpaka magotini kwa maji ya mfereji. Mbele yake alitembea Watasema, masikio juu, amemfikisha mzee salama kama kawaida yake. Alipomwona Nakijwa alitikisa mkia, na ule mkia ukatikisa kila kitu kilichokuwa kinaning'inia tumboni mwake. Nyuzi zilikuwa zimekwisha zote. Labda zilikatika aliporuka mfereji, labda alizitafuna kwanza. Ndoo ilikuwa chini ya meza, hakukuwa na cha kumzuia. Utumbo ulikuwa umetoka, umejaa vumbi na majani ya miti, na mahali pamoja ulikuwa umechanika kwa kukanyagwa. Alisimama, akageuka, akaunusa kama kitu cha mbwa mwingine. Kisha akaja kwa Nakijwa kusalimia.

*

Dokta Mrutu, kule Same, alizitazama picha alizotumiwa kwa simu, kisha akapiga.

"Ulifunga kufuli?" aliuliza.

"Naweza kumleta sasa hivi," Nakijwa alisema.

"Siwezi, mama. Hata ungekuwa mlangoni pangu nisingeweza. Utumbo umetoboka, na uchafu umeshaingia."

"Nipe basi kitu cha kumlaza."

"Ingekuwapo dawa ya kumlaza, tungekuwa tunavaa mishipi?" Sauti ya dokta ililegea kidogo. "Mtafute mwenye bunduki. Na usimbebee mwisho. Unanisikia? Yule mtu wa kwa Kiangi mlimzika ninyi wenyewe."

Walimzika wenyewe. Alimbebea mama yake mzazi hadi pumzi ya mwisho, maana alimpenda, na moyo wake ukaufuata wa mama kama mtu anayeshikwa mkono. Ikawa majeneza mawili. Baada ya vifo vya namna hiyo mafundi wakaongeza mtetemo kwenye mshipi: anayebebewa akianza kuzima, mshipi unatetemeka, ili mbebaji arudishe gurudumu kabla hajavutwa. Zaidi ya hapo walisema tu kwamba kwenye kifo hakuna nusu: ukibaki na chembe ya maumivu, unavutwa.

Mwenyekiti Mshana alikuwa amesimama na panga lake mkononi. Alimtazama Watasema, Watasema akamtikisia mkia, na Mshana akaliweka panga chini ya ukuta.

"Hili sitaliweza," alisema. "Mimi mbwa huyu nimemlisha kwa mkono wangu. Na panga likikosea..." Aligeuka kuelekea mlimani. "Nakwenda kwa bwana wanyamapori, ana bunduki. Ni kuvuka tu mlima. Nitakimbia."

Akaondoka akikimbia kweli, na umri wake ule.

Mama Elinipa alikataa kuuvua mshipi. Alisema ni wake, abebe mpaka mwisho, afe akifa. Nakijwa alimfungua kwa nguvu, kidole kwa kidole, kama unavyomfungua mtoto ngumi. Yule mama alianguka magotini.

"Nipige," alisema. "Mama Kajiru, nipige japo kofi."

Lakini Nakijwa hakuwa na hasira ya kumpa. Jirani yake alikuwa amefanya alichofunzwa tangu utotoni kuwa ndiyo wema. Kufuli ilikuwa mkononi mwa Nakijwa, naye aliiacha wazi kwa kuogopa kuonekana hana adabu. Alijifunga mshipi, maumivu yakamwingia yote, na kwa muda hakuona kitu.

Alipoanza kuona tena, alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye ukuta wa jiko. Mbazi alikuwa amevuta kigoda uani. Watasema alikuwa amelala miguuni pake, kidevu juu ya kiatu, macho nusu wazi, starehe kabisa. Mtu amemtandikia kanga chini ya tumbo. Upepo ulikuwa ukileta harufu ya moshi wa majirani, na pua yake ilikuwa bado inaufuatilia. Aliamini amepona. Aliamini siku ilikuwa nzuri, amefanya kazi yake, amemrudisha mtu wake. Nakijwa alijiambia kwamba hicho angalau anaweza kumpa: afe hivi hivi, bila kuambiwa.

Aliyangoja makelele ya watu kutoka mlimani. Hayakuja. Akangoja mlio wa bunduki hata wa mbali, ajue Mshana ameipata na anaijaribu. Kivuli cha nyumba kilikwisha kufika kwenye kigoda.

Ndipo mshipi ukatetemeka.

Ulikuwa mtetemo mdogo, kama simu ndani ya mkoba. Kisha moyo wake ukakosa pigo moja, ukarudi, ukakosa jingine. Hakuogopa kama alivyodhani ataogopa. Kulikuwa na namna ya usingizi ndani yake, na ungekuwa rahisi kuufuata. Alimtazama Watasema. Akamtazama Mbazi, aliyekuwa akijaribu kufunga koti lake na kukosea tundu, anafungua, anaanza upya, anakosea tena. Kesho asubuhi atakunywa chai. Atachukua kofia. Mbwa hatakuwapo, na kama yeye pia hatakuwapo, hakuna mtu wa kusimama mlangoni.

Alitafuta njia ya tatu kwa akili zake zote. Alifikiria kumpa Mama Elinipa mshipi, na Mama Elinipa angeupokea kwa furaha, na hilo lingekuwa uuaji. Alifikiria kurudisha nusu. Lakini mafundi walishasema, kwenye kifo hakuna nusu. Mshipi ukatetemeka tena, kwa nguvu zaidi. Watasema akapiga miayo.

Nakijwa akalirudisha gurudumu mpaka mwanzo.

Hakuwahi kumsikia mbwa yeyote akitoa sauti ile. Mama Elinipa alijifunika kanga usoni. Mbazi alishtuka, akauvuta mguu wake. Watasema alijizungusha mara moja mahali pale pale akimtafuta aliyemuuma, hakumwona, na macho yake yakatua kwa Nakijwa. Akaanza kujiburuta kumfuata. Siku zote hizi, tangu kliniki, mkono uliomshika kila alipoumwa ulikuwa wa Nakijwa. Hilo ndilo alilokuwa analijua. Akaja kwa miguu ya mbele, akiacha kanga nyuma, akilia na kumtazama, akija aokolewe.

Nakijwa aliinuka, akarudi nyuma. Aliufungua mshipi kiunoni, maana alijijua. Akibaki nao ataligeuza gurudumu tena. Akautupa juu ya bati la jiko, mahali asipofikia. Kisha akamzunguka mbwa kwa mbali, akaenda kusimama penye kigoda, nyuma ya mumewe.

"Mbwa wa nani huyu?" Mbazi aliuliza. "Mbona analia hivi?"

"Anaumwa."

"Kwani mwenyewe yuko wapi? Mtu gani anamwacha mbwa wake hivi, anamtazama tu?" Machozi yalikuwa yakimtoka mzee, ya hasira, kama ya kijana. "Mwenye mbwa huyu hana huruma."

"Hana," Nakijwa alisema, akaanza kumfunga vifungo vya koti.